UZI: Hukumu ya ndoa za jinsia moja ikifutwa Washington, katiba za majimbo ya Marekani zitaibeba haki hiyo?

Kibaraza_Boston (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Kila habari za Obergefell, ile hukumu iliyohalalisha ndoa za jinsia moja Marekani nzima, zikizuka humu jukwaani, mjadala unakimbilia kwa majaji tisa wa Mahakama ya Juu. Nani kamteua nani, nani afya yake inayumba. Naelewa kwa nini. Hukumu ile ya tarehe 26 Juni 2015 ilipita kwa kura 5 dhidi ya 4. Kati ya wale watano, Kennedy aliyeiandika kastaafu, Ginsburg kafariki, Breyer naye kastaafu, wamebaki Sotomayor na Kagan. Wale wanne walioipinga, watatu bado wamo: Roberts, Thomas na Alito. Halafu mwaka 2022 Dobbs ilipofuta haki ya utoaji mimba, Thomas akaandika wazi kwamba Obergefell nayo iangaliwe upya. Ni kweli Novemba 2025 mahakama ilikataa kusikiliza rufaa ya Kim Davis, yule karani wa kaunti kule Kentucky aliyegoma kutoa leseni za ndoa. Lakini kukataa rufaa ya karani mmoja si kusema mlango umefungwa.

Mimi nataka tuhamie kwenye katiba za majimbo, ambako wengi hawaangalii. Haki hii haikuzaliwa Washington. Ilianza Honolulu mwaka 1993, ikazimwa. Vermont mwaka 1999 ikapewa nusu: haki za ndoa bila jina la ndoa. Massachusetts mwaka 2003 ndipo iliposimama. Ikifutwa juu, itarudi huko huko chini.

Msimamo wangu nauweka mapema. Ukitaka kujua haki hii itadumu jimbo gani, usihangaike na ibara ya usawa. Karibu kila katiba ina maneno matamu kuhusu usawa. Soma ibara ya marekebisho, ujue katiba inabadilishwa kwa ugumu gani, kisha uliza majaji wa jimbo wanaingiaje na wanatokaje. Mengine ni mapambo.

Tuchukue Hawaii. Katiba yao inataja jinsia kwa jina miongoni mwa mambo ambayo mtu hawezi kubaguliwa kwayo. Katika Baehr v. Lewin mahakama ya juu ya jimbo ikasema: kama mwanamume anaruhusiwa kumuoa huyu na mwanamke hawezi, huo ni ubaguzi wa jinsia, serikali ije na sababu nzito. Mwaka 1996 jaji wa chini akasikiliza sababu za serikali akaona hazitoshi. Ushindi, sivyo? Mwaka 1998 wananchi wakapiga kura, katiba ikaongezwa sentensi moja inayolipatia bunge mamlaka ya kuiacha ndoa kwa mume na mke. Kesi ya miaka saba ikaishia hapo. Ibara ya usawa ilikuwa pale pale, haikupungua hata nukta.

Sasa njoo huku kwangu Massachusetts. Katiba ya hapa iliandikwa hasa na John Adams, ikapitishwa mwaka 1780, imeitangulia hata ile ya taifa. Haitaji ndoa. Katika kesi ya Goodridge, Novemba 2003, majaji wanne dhidi ya watatu wakasema kuwanyima watu hawa ndoa hakuna msingi chini ya katiba hiyo. Aliyeandika ni Jaji Mkuu Margaret Marshall, ambaye kwa taarifa yenu ni mzaliwa wa Newcastle, Afrika Kusini, na ujanani aliongoza umoja wa wanafunzi uliopinga ubaguzi wa rangi. Tarehe 17 Mei 2004 ndoa zikaanza kufungwa. Gavana Mitt Romney alikuwa kinyume. Kelele zilikuwa kubwa kuliko za Hawaii.

Lakini hapa, ili kubadilisha katiba kwa ombi la wananchi, pendekezo lazima lipite katika vipindi viwili vya bunge vinavyofuatana, vyumba vyote viwili vikikaa pamoja, wabunge 200, na kila safari lipate angalau kura 50. Robo tu! Halafu ndipo liende kwa wananchi. Mara ya kwanza lilipita. Juni 2007 likarudi likapata kura 45. Limekosa tano. Wananchi wa Massachusetts hawakuwahi kuipigia kura, na miaka ilivyopita wengi wao hawakutamani tena.

Kwa hiyo Hawaii walikuwa na ibara nzuri kuliko sisi na wakashindwa. Sisi tulikuwa na mlango mgumu kufunguka. Hiyo ndiyo hoja yangu. Karibuni mnipinge.

(Suala la dhambi au si dhambi lina nyuzi zake. Humu naomba tubaki kwenye katiba.)

---

Mlokole_wa_Kweli

Bwana asifiwe. Mkuu, umeandika vizuri lakini umejifunga mwenyewe. Unasema haki ilidumu kwa sababu wananchi HAWAKUPEWA nafasi ya kupiga kura. Walipopewa, walisema nini? Mwaka 2004 peke yake majimbo 13 yalipitisha marekebisho ya kuzikataza ndoa hizi. Mississippi asilimia 86. Ilifika mahali majimbo 30 yana katazo ndani ya katiba. Majaji wanne wa Boston ni nani mbele ya mamilioni hao? Mimi sijali unaamini nini, ila usiite demokrasia kitu kilichokwepa kura kwa kura tano.

---

Kibaraza_Boston

Mlokole, hoja yako ni ya haki na siikimbii. Ndiyo, 2004 watetezi wa ndoa hizi walipigwa vibaya, na wapo wanaoamini kwamba Goodridge ndiyo iliyoamsha ule moto.

Ila usisimamishe saa mwaka 2004. California mwaka 2008: Mei mahakama yao ikaruhusu ndoa, Novemba Proposition 8 ikazifuta kwa asilimia 52. Kwao ukikusanya saini za kutosha unakwenda kwenye kura, na wingi wa kawaida unatosha kubadilisha katiba. Mlango mwepesi. Lakini mlango mwepesi unafunguka pande zote mbili: Novemba 2024 wapiga kura wa jimbo lile lile wakaliondoa katazo na kuandika kwamba ndoa ni haki ya msingi, kwa zaidi ya asilimia 60. Siku hiyo hiyo Colorado nao wakafuta la kwao la 2006, na Hawaii wakaifuta ile sentensi ya 1998. Nevada waliwatangulia mwaka 2020, wakawa jimbo la kwanza kuilinda haki hii waziwazi ndani ya katiba. Mamilioni ni wale wale wa kwako, wamebadilika.

Na si kila mahali majaji walikuwa mbele. New York na jimbo la Washington mwaka 2006, Maryland mwaka 2007, mahakama zilikataa, zikasema nendeni bungeni. Wakaenda. New York wakapata sheria mwaka 2011. Washington na Maryland wananchi wenyewe waliithibitisha kwa kura mwaka 2012. Mwaka huo huo Maine wakaipitisha kwa kura, wakati mwaka 2009 walikuwa wameikataa.

---

Mchambawima

Mie naomba kuelimishwa. Sisi wa Visiwani tunajua nchi moja kuwa na katiba mbili, ya Muungano na ya Zanzibar ya 1984, na tunajua namna zinavyosuguana. Sasa hawa wenye hamsini na moja wanaishi vipi? Ikiwa Mississippi wana katazo katika katiba yao na Washington imesema ruhusa, katazo limefutika au limelala? Na kama limelala, nani atakayeliamsha?

---

Mwanasheria_Njaa

Mchambawima umegusa penyewe. Ngoja nijibu, maana mwanzisha uzi ana haraka ya kufika kwenye siasa.

Katiba ya taifa ni kama kima cha chini cha mshahara. Jimbo linaweza kuwapa watu wake zaidi, haliwezi kuwapa pungufu. Ndiyo maana katazo la Mississippi leo halifanyi kazi: liko chini ya kima. Lakini halijafutwa. Mahakama ya taifa haina kifutio cha kuingia kwenye katiba ya jimbo na kuondoa maneno. Inaamuru tu maofisa wasiyatekeleze. Kwa hiyo jibu lako ni: limelala. Obergefell ikiondoka, zuio la kulitekeleza linakosa mguu wa kusimamia, na mwanasheria mkuu wa jimbo anaweza kwenda mahakamani kesho yake kuomba liondolewe.

Maneno ya namna hiyo hukaa muda mrefu kuliko unavyodhani. Loving v. Virginia ya 1967 iliua sheria zote za kuzuia weusi na weupe kuoana. South Carolina waliondoa katazo hilo kwenye katiba yao mwaka 1998. Alabama mwaka 2000! Miaka 33 imekaa ikiwa maiti, na siku ya kuizika karibu asilimia 40 ya wapiga kura walikataa.

Upande wa pili, wa kutoa zaidi: mahakama ya jimbo ikisema waziwazi kwamba imeamua kwa katiba ya jimbo lake peke yake, Mahakama ya Juu ya taifa haigusi. Kanuni hiyo iliwekwa sawa katika Michigan v. Long, 1983. Kabla ya hapo, 1977, Jaji William Brennan aliona mahakama yake inageukia mrengo wa kulia, akaandika makala kwenye jarida la sheria la Harvard akiwahimiza mawakili wasisahau katiba za majimbo. Goodridge ilitembea njia hiyo. Hata ile ya rangi ilianza hivyo: mahakama ya California ilifuta katazo mwaka 1948 katika Perez v. Sharp, miaka 19 kabla Washington hawajaamka, ingawa Perez ilisimama zaidi kwenye katiba ya taifa.

Ila kuna kikwazo ambacho Kibaraza hajakisema. Katika jimbo ambalo katazo limo NDANI ya katiba, huwezi kwenda mahakama ya jimbo na ibara ya usawa ya katiba hiyo hiyo. Jaji atakuambia: ibara zote mbili ni katiba, na iliyo mahususi, iliyokuja baadaye, ndiyo inayotawala. Kwa hiyo swali la kama katiba za majimbo zitabeba haki hii lina majibu ya makundi. Massachusetts, New Jersey, Connecticut, New Mexico wana hukumu zao zinazosimama kwa miguu yao. California, Nevada, Colorado na Hawaii wamesafisha. Maryland na Maine wana sheria za kawaida, ambazo bunge likigeuka zinaweza kugeuka nalo. Halafu Texas, Tennessee, Georgia, Ohio, Michigan na wenzao, hao mlango wa mahakama ya jimbo umepigwa kufuli na uliobaki ni kura tu.

---

Nyakach_1

Hapa Kenya si tuliandika mapema? Ibara ya 45(2), kila mtu mzima ana haki ya kuoa au kuolewa na mtu wa jinsia tofauti, kwa hiari. Na iko ndani ya Sheria ya Haki, kwa hivyo kuigusa lazima kura ya maoni, Ibara ya 255. Uganda nao waliweka katazo kwa katiba mwaka 2005. Kwa hiyo maneno ya Kibaraza ya mlango mgumu nayakubali, lakini ugumu wa mlango unalinda chochote kilicho ndani, hata kile usichokipenda.

Swali langu ni la majaji. Unasema tuangalie wanaingiaje na wanatokaje. Nilisoma kuhusu Iowa, kwamba walifutwa kazi na wananchi. Hebu elezea hiyo kwa urefu. Jaji akijua mkate wake uko mikononi mwa wapiga kura, si ataogopa?

---

mtotowamjini

Nimevuta kiti. Endeleeni.

---

Kibaraza_Boston

Nyakach, asante. Iowa ndiyo jimbo ninalolifuatilia kuliko yote, maana linaniunga mkono na kunisuta kwa wakati mmoja.

Aprili 2009, Varnum v. Brien. Majaji saba, wote kwa sauti moja, wakaruhusu ndoa za jinsia moja, hakuna aliyepinga. Jimbo la wakulima katikati ya nchi, si Boston. Kwao majaji huteuliwa na gavana kutoka orodha ya tume, halafu kila baada ya muda jina la jaji linawekwa kwenye karatasi ya kura: abaki au aondoke? Utaratibu huo ulianza 1962 na mpaka wakati huo hakuna jaji wa mahakama ya juu aliyekuwa amewahi kuondolewa. Kura ile ilikuwa kama kuhesabu waliohudhuria mkutano. Novemba 2010 majina matatu yalikuwa zamu yao, akiwemo Jaji Mkuu Marsha Ternus. Fedha zikamiminika kutoka nje ya jimbo. Wote watatu wakaondolewa. Kampeni yenyewe hawakuifanya, waliona si heshima kwa jaji kuomba kura.

Je, ndoa ziliondoka nao? Hapana. Hukumu ilibaki, kwa sababu kubadilisha katiba ya Iowa kunahitaji mabunge mawili mfululizo kisha kura, na kiongozi wa wengi kwenye Seneti ya jimbo, Mike Gronstal, aligoma kabisa kulileta pendekezo. Mpaka hapo napata pointi zote.

Sasa linaponisuta. Mwaka 2018 mahakama hiyo hiyo ilisema utoaji mimba ni haki ya msingi chini ya katiba ya Iowa. Juni 2022, baada ya gavana Kim Reynolds kuteua majaji wapya, mahakama hiyo hiyo ikasema si haki ya msingi. Miaka minne! Katiba haikubadilishwa hata herufi, hakuna kura ya maoni, hakuna saini. Walibadilika watu mezani. Kwa hiyo mlango mgumu unakulinda na wananchi wenye hasira, haukulindi na gavana mwenye subira. Varnum leo inaweza kufuata njia hiyo bila mkulima hata mmoja kupiga kura.

Ndiyo maana naona Nevada wako salama kuliko Iowa. Wao waliandika. Walipitisha pendekezo bungeni 2017, wakalipitisha tena 2019, wakalipeleka kwa wananchi 2020, likapata kama asilimia 62. Jaji mpya anaweza kutafsiri neno "usawa" atakavyo, lakini atapata taabu na sentensi inayosema jimbo litatambua ndoa bila kujali jinsia. Virginia wanafuata njia hiyo hiyo: bunge lilipitisha pendekezo la kufuta katazo la 2006 mwaka 2025, na utaratibu wao unadai lipitishwe mara mbili, uchaguzi ukiwa katikati, kabla ya kwenda kwa wananchi.

---

Mlokole_wa_Kweli

Sasa unasema lugha yangu. Kumbe njia salama ni kuwauliza wananchi.

---

Kibaraza_Boston

Pale unapojua watakujibu ndiyo, Mlokole 😀. Kitaifa Gallup, wale wapima maoni ya watu, walipouliza mara ya kwanza 1996 walioafiki walikuwa asilimia 27, miaka hii wako karibu 70. Lakini Mississippi si kitaifa. Na wafuasi wa Republican ambao waliwahi kufika asilimia 55 wameshuka tena, 2025 walikuwa 41. Bunge la chini la Idaho mwanzoni mwa 2025 lilipitisha azimio la kuiomba Mahakama ya Juu ifute Obergefell. Azimio halina nguvu ya sheria, ila linakuonyesha upepo. Florida nao ili ubadilishe katiba unahitaji asilimia 60 ya kura. Katazo lao liliingia 2008 kwa asilimia 62 hivi. Kulitoa kunahitaji 60 ile ile, na nusu ya watu pamoja na mmoja haitoshi. Colorado walikuwa wajanja zaidi: kwao kuongeza kitu kwenye katiba ni asilimia 55, kuondoa ni wingi wa kawaida. Walichofanya 2024 ni kuondoa tu.

---

Houston_Tandale

Wakuu mnaongea ya juu sana. Mimi nina swali la chini. Jirani zangu hapa Texas ni wanawake wawili, walioana Massachusetts, wana mtoto, wanaishi zao kimya. Hiyo Obergefell ikifutwa, kesho yake wanakuwa nani? Ndoa inayeyuka?

---

Mwanasheria_Njaa

Haiyeyuki. Desemba 2022 Biden alitia saini Sheria ya Kuheshimu Ndoa. Inasema mambo mawili. Serikali ya taifa itaitambua ndoa iliyofungwa kihalali mahali ilipofungwa, kwa hiyo kodi, mafao ya uzeeni, uhamiaji, havitikisiki. Na jimbo haliwezi kuikataa ndoa iliyofungwa jimbo jingine kwa sababu tu wahusika ni wa jinsia moja. Haisemi kwamba Texas lazima itoe leseni kwa wapya. Kwa hiyo jirani zako wako sawa, ila binamu yao anayetaka kuoana Houston itabidi akate tiketi ya ndege kwenda New Mexico.

Na hata ndani ya jimbo lenyewe, waliokwisha kuoana kwa kawaida huachwa. California baada ya Proposition 8 mahakama ilikubali katazo mwaka 2009, lakini ikasema ndoa kama 18,000 zilizofungwa katikati ni halali. Kumbuka tu kwamba ile ya Biden ni sheria ya bunge. Bunge jingine linaweza kuifuta.

Cha mtoto ndicho cha kuwaambia mapema. Yule mama ambaye hakuzaa, kama hajafanya taratibu za kuasili mahakamani, afanye. Hati ya kuasili ni hukumu ya mahakama, na majimbo yote yanalazimika kuheshimu hukumu za wenzao. Jina kwenye cheti cha kuzaliwa halina uzito huo.

---

Houston_Tandale

Asante mkuu, nitawafikishia. Na wakigombana?

---

Mwanasheria_Njaa

Wakigombana leo wanakwenda mahakama ya kaunti kama watu wote. Kabla ya 2015 ilikuwa vituko. Texas ilikuwa inasema hiyo si ndoa, kwa hiyo haiwezi kuivunja, na mwanasheria mkuu wa jimbo wakati huo, Greg Abbott, aliingilia kesi kupinga talaka. Massachusetts nako wakirudi wanaambiwa mahakama inataka mmoja wao awe amekaa jimboni mwaka mzima. Watu wamechokana, wote wawili wanataka kuachana, na jimbo linalopinga ndoa yao ndilo linalowazuia wasiachane.

---

Mchambawima

Hiyo sheria ya 2022 basi imelitatua hilo la talaka, au wataanza upya?

---

Mwanasheria_Njaa

Kwa maandishi yake imelitatua: jimbo likiitambua ndoa, linaitambua na kwa kuivunja. Lakini haijawahi kujaribiwa mahakamani Obergefell ikiwa haipo, na Texas ina mawakili wengi wa serikali wasio na kazi.